Feni ya shofaji inawaka kwa teke, na mahali pa fyuzi pana waya

Papa Fundi, jambo sana.

Mimi ni mama wa hapa Kadutu, Bukavu. Nina gari ndogo ya Kijapani ya mwaka 1997, usukani kuume, ambayo kaka yangu aliniachia alipohamia Kalemie. Ndiyo inayotulisha. Mara mbili kwa juma, saa kumi na moja alfajiri, tunaondoka mama wanne kwenda soko la Mudaka kupakia lengalenga, kabichi na vitunguu vya majani, halafu tunarudi kuuza hapa Kadutu. Lengalenga tunazinunua zikiwa bado na umande, siku nyingine zimenyeshewa kabisa, na buti ikijaa tunazipakata.

Shida ilianza mwezi wa tisa, mvua ziliporudi. Feni ya shofaji, yaani ya kile kipasha joto kinachopuliza hewa kwenye kioo, ina namba nne. Siku moja namba 1, 2 na 3 zikanyamaza, ikabaki 4 peke yake. Nikasema sawa, 4 inatosha. Baadaye ikaanza kulia asubuhi kama nyenje, ikishapata moto inanyamaza. Fundi wa kwanza akasema ni rezistansi, akaniwekea nyingine, namba zote zikarudi. Hazikumaliza majuma mawili. Halafu fyuzi ikaungua. Nikanunua nyingine, ikaungua. Ya tatu nayo ikaungua tukiwa njiani, mvua inapiga, sioni mbele, mama mwenzangu ananifutia kioo kwa kitenge chake huku mimi nimetoa kichwa dirishani kama shofere wa lori lililokatika breki.

Fundi wa pili hakutoa fyuzi mfukoni. Alitoa kipande cha waya ya shaba, akaikunja, akaichomeka mahali pa fyuzi, akaniambia: "Mama, sasa haitakata tena." Na kweli haijakata. Lakini kuna harufu ya plastiki inayoungua, si kali, inakuja na kwenda. Juma lililopita nilipotaka kuzima feni, kile kitufe cha kuzungusha kilikuwa cha moto nikaondoa vidole haraka.

Sasa tumefika hapa: feni haiwaki mpaka ipigwe. Mama anayeketi mbele anajua kazi yake, nikisema "haya", anapiga teke chini ya dashibodi kwa kisigino, feni inaamka. Watoto wangu wanacheka. Fundi wa tatu ameniambia lazima dashibodi yote itolewe, na kazi pamoja na piesi ni dola 150. Hizo sina.

Naomba uniambie: waya hiyo ina ubaya gani ikiwa feni inafanya kazi? Na lazima nitoe hizo dola 150? Tena jambo dogo: zulia la upande wa abiria halikauki, hata siku ambazo hatukupakia mboga. Nadhani ni maji ya lengalenga. Nikilaza gari chini ya mti wa avoka wa jirani, asubuhi kioo kizima kimeshika ukungu kwa ndani, hata kabla hatujaingia.

Aksanti.
Mama wa lengalenga, Kadutu

*

Mama, jambo, na pole kwa safari hizo za alfajiri.

Toa ile waya leo. Zima gari, fungua kisanduku cha fyuzi, ing'oe, na mahali pake pabaki wazi. Utaenda bila feni siku chache. Namna ya kuona njia bila feni nitakuambia huko chini, lakini waya kwanza.

Fyuzi haikuwekwa pale kulinda feni. Imewekwa kulinda nyaya zinazopita nyuma ya dashibodi, zile ambazo mimi na wewe hatuzioni. Feni yako ikiwa namba 4 inakula karibu ampea 15, yaani wati 180 hivi kwenye batri ya volti 12, sawa na ampule tatu za taa kubwa za mbele zikiwaka pamoja. Kwa kazi hiyo gari nyingi zimewekewa fyuzi ya ampea 30. Soma kifuniko cha kisanduku chako, namba imeandikwa. Maana yake mota ikigoma ikavuta zaidi ya 30, fyuzi inajitoa mhanga yenyewe. Sasa waya ya shaba yenye unene wa milimita 2 inaweza kupitisha zaidi ya ampea 100 kabla haijayeyuka. Nyaya za gari hazifiki huko. Zitaungua zenyewe kwanza, ganda lake la plastiki litashika moto nyuma ya redio, na wewe una mama watatu ndani na milango imezibwa na kabichi. Ile harufu inayokuja na kwenda ndiyo hiyo tayari. Na kitufe cha moto ndicho hicho hicho.

Simtukani fundi wa pili. Alikuta mteja amenyeshewa, anataka kurudi nyumbani, akamtoa njiani. Lakini alipaswa kukuambia "ni ya kufikia nyumbani tu". Aliposema "haitakata tena" alikuwa anasifia kilema.

Sasa nikuambie nilichopigia mstari kwenye barua yako. Si feni. Ni zulia, na ni mti wa avoka.

Maji ya lengalenga yangelowesha buti na viti vya nyuma, na mapaja yenu. Hayapandi kwenda kujikusanya miguuni mwa abiria wa mbele siku ambazo hamkupakia kitu. Na gari yako ina usukani kuume, kwa hiyo miguu ya abiria iko kushoto, na juu ya miguu hiyo, nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, ndipo feni inapokaa. Pale pale mwenzako anapopiga teke. Zulia lililolowa liko chini ya feni inayougua. Hayo hayakukutana kwa bahati.

Hewa ya feni inaingia wapi? Simama mbele ya gari, tazama chini ya kioo, pale waipa zinapolala. Kuna plastiki yenye matundu. Mvua yote inayoteremka kwenye kioo inaingia humo pia, inapita kwenye mfereji, na inatoka chini kwa vitundu viwili, kimoja kila pembe, inadondoka nyuma ya magurudumu ya mbele. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa weka mti wa avoka juu ya gari hiyo kwa miaka. Majani yanaingia kwenye matundu, yanaoza, yanakuwa kama mboji ya bustani, yanaziba vitundu. Mvua ya Bukavu ikipiga saa moja mfereji unajaa, na maji yanatafuta njia nyingine. Njia iliyobaki ni ile ya hewa. Yanaanguka moja kwa moja juu ya feni, kutoka hapo yanadondoka kwenye zulia.

Hapo mota inaanza kufa pole pole. Ekseli yake inazunguka ndani ya bushi ndogo yenye mafuta kidogo tu, ya kiwandani. Maji yanayaosha, kutu inaingia, na ndiyo ile sauti ya nyenje asubuhi. Mota nzito inavuta umeme mwingi kuliko kawaida huku ikipuliza hewa kidogo kuliko kawaida. Shika hilo la hewa kidogo, maana rezistansi yako haikufa bila sababu.

Namba 1 mpaka 3 umeme unapita kwanza kwenye vile visprini vya rezistansi ili feni iende polepole, na visprini hivyo vinapata moto mkali. Kwa hiyo viwanda vimeviweka ndani ya njia ya upepo wa feni yenyewe, vipoe. Namba 4 haipiti huko, inakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana ilibaki hai peke yake. Mota ikivuta umeme mwingi na upepo ukawa dhaifu, rezistansi inapata moto zaidi na haipozwi, mpaka kile kifyuzi chake kidogo cha joto kinayeyuka. Fundi wa kwanza hakukosea, rezistansi ilikuwa imekufa kweli. Ila aliweka mpya mbele ya muuaji yule yule. Majuma mawili ni mengi.

Na teke? Ndani ya mota kuna vipande viwili vya kaboni, mafundi wanaviita makaa, vinavyosugua kwenye shaba inayozunguka. Vikiisha, au vikikwama kwa kutu, havigusi tena vizuri. Ukipiga, vinaruka kidogo, vinagusa, mota inaamka. Mota inayoamka kwa kipigo haina siku nyingi. Mwambie mwenzako aache, si kwa huruma tu: hapo chini kuna plagi ya nyaya, na kisigino kikiipata mutaongeza shida ya pili.

Sijaiona gari yako, kwa hiyo kabla hujanunua chochote hakikisha kwamba ninayosema ni kweli. Siku ambayo hakuna mvua, fungua kapo ya injini, toa ile plastiki yenye matundu au angalau ingiza mkono. Kusanya majani yote. Halafu chukua kopo la maji, lita moja inatosha, mimina taratibu upande wa abiria, na mtoto mmoja achuchumae ndani akitazama chini ya dashibodi na taa ya simu. Maji yakidondoka chini ya gari, nyuma ya gurudumu, mfereji uko wazi. Yakimdondokea mtoto, umepata. Vitundu unavizibua kwa waya laini au mpira mwembamba, na hapa ile waya ya fundi wa pili hatimaye itapata kazi yake halali.

Kuna uwezekano mmoja mwingine lazima niutaje, kwa sababu dawa yake ni tofauti na bei yake pia. Ndani ya sanduku la shofaji kuna radiatere ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini. Ikitoboka, nayo inalowesha zulia upande huo na kujaza kioo ukungu. Ukungu wake unanata, ukiufuta unaacha mafuta mafuta kwenye kioo, na kama radiatere ina dawa yake ya rangi unasikia harufu tamu. Lakini wengi wetu hapa tunatia maji ya bomba tu, hivyo usitegemee pua. Tegemea jicho: kila asubuhi injini ikiwa baridi, tazama maji ya radiatere. Yakipungua siku baada ya siku na zulia linalowa hata bila mvua, ni radiatere ndogo. Yasipopungua, na zulia linalowa baada ya mvua tu, ni majani.

Nadhani fundi wa tatu alikuwa anafikiria radiatere hiyo. Kuitoa, ndiyo, kwenye gari nyingi dashibodi inalazimika kutoka, ni kazi ya siku nzima. Mota ya feni sivyo. Kwenye gari nyingi ndogo za Kijapani za miaka hiyo, unatoa kisanduku cha karatasi, unachomoa plagi moja, unafungua skurubu tatu, na mota inakushukia mkononi pamoja na feni yake, kama kifuniko cha sufuria. Fundi asiye na haraka anamaliza kwa nusu saa. Batri itenguliwe kwanza, mguu wa hasi. Na kama gari ina mfuko wa hewa wa kujikinga na ajali, nyaya zenye ganda la manjano asiziguse kabisa, wala asizipime.

Lakini kabla mota haijatoka, ipimwe. Fundi arudishe fyuzi ya kweli, yenye namba ile ile ya kwenye kifuniko, achomoe plagi ya mota, na kwenye plagi hiyo aweke ampule, halafu wewe uwashe namba 4. Ampule ikiwaka vizuri na mota ilikuwa kimya, ni mota. Ampule isipowaka, mota haina kosa. Atafute nyuma, kwenye rele, kwenye kitufe, au kwenye masi, yaani ule waya unaofungwa kwenye bodi. Hapa mafundi wengi wanadanganywa na ampule ndogo. Ile ya taa ya kukatia kona, ya wati 21, haivuti hata ampea 2. Inaweza kuwaka kwa furaha kupitia nyuzi tatu za shaba zilizobaki kwenye waya uliooza, wakati mota inayotaka ampea 15 haipati kitu. Mwambie atumie ampule ya taa kubwa ya mbele. Ikiwaka nyekundu nyekundu kama sigara, waya au kiungo kinaoza mahali.

Mota ikishatoka, izungushe kwa kidole. Nzima inaendelea yenyewe mizunguko kadhaa baada ya kuiacha. Ya kwako, naweka dau la kilo moja ya lengalenga, itasimama ulipoiachia. Tazama pia ndani ya feni, kile kizimba cha duara chenye mabawa mengi madogo. Mwaka jana nilitoa kwenye kimoja kiota cha panya kilichosokotwa kwa karatasi za daftari. Jedwali la kuzidisha kwa 7 bado linasomeka, na maharagwe sita yamepangwa pembeni kama akiba ya benki. Uchafu wa upande mmoja unaifanya feni iyumbe, na kuyumba kunakula bushi.

Kama ina kutu kidogo tu na makaa bado marefu, fundi anaweza kuisafisha na kutia tone moja la mafuta ya injini kwenye bushi. Tone, si kijiko. Itakusogeza miezi michache. Kwa gari inayoamka kwa teke mimi nisingepoteza muda huo. Ningetafuta mota nyingine, na ya mitumba inafaa, kwa masharti. Nenda na ya zamani mkononi. Plagi ifanane, tundu za skurubu zifanane, kipimo cha kizimba kifanane. Muuzaji aiunganishe kwenye batri mbele yako, uisikilize: iende bila kulia, bila kutetemeka, isimame polepole ukiitengua.

Tena angalia inazunguka upande gani. Kwetu magari ya usukani kuume na kushoto yamechanganyika, na piesi zake zimechanganyika kwenye meza moja. Mota ya gari ya usukani kushoto inaweza kuwa inazunguka kinyume na yako. Itaingia vizuri, itazunguka vizuri, na itapuliza, lakini upepo dhaifu kama wa mtu anayepoza uji. Utasema mota ni mbovu kumbe ni nzima, ila inakwenda nyuma. Nimeona mtu akinunua mbili kabla hajagundua.

Baada ya mota ndipo rezistansi. Usikubali aunganishe kile kifyuzi cha joto kwa kipande cha bati, tutakuwa tumerudi kwenye hadithi ya waya. Mwisho, kitufe chako. Kilipata moto, kwa hiyo avute plagi yake nyuma aitazame. Kama plastiki imekuwa ya kahawia na pini moja imelegea, pini hiyo ibadilishwe na kubanwa kwa koleo lake. Kusokota nyaya mbili na kuzifunga gundi ya utepe, hapana. Kiungo kilicholegea kinapata moto hata mota ikiwa mpya, na utaniandikia tena mwezi wa pili.

Bei sitakutajia, piesi za mitumba zinauzwa kwa uso wa mnunuzi. Lakini usiulize "kutengeneza shofaji ni ngapi". Uliza bei ya mota peke yake, ya rezistansi peke yake, ya mkono wa fundi peke yake, na mfereji uzibue mwenyewe bure. Dola 150 ni ya kutoa dashibodi, na kama si radiatere ndogo, dashibodi yako haitoki.

Nilikuahidi namna ya kuona njia.

Kioo kinashika ukungu kwa sababu hewa ya ndani imeshiba maji na kioo ni baridi. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji katika kila meta mchemraba. Ikigusa kioo cha nyuzi 10 inaweza kubaki na gramu 9 tu, zilizozidi zinaachwa kwenye kioo. Sasa hesabu mama wanne wanaopumua, vitenge vilivyonyeshewa, lengalenga zenye umande mapajani, na zulia lenye lita kadhaa za maji. Ukungu unaokuta asubuhi hata kabla hamjaingia ni wa zulia. Hata feni mpya haitashinda zulia hilo. Litoe, pamoja na ule unyoya mnene wa chini yake unaokunywa maji kama sifongo, uvianike juani mpaka vikauke kabisa.

Kwenye dashibodi kuna kijiti au kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojipinda ndani yake. Wengi wanakiacha hapo daima kwa ajili ya vumbi. Wakati wa mvua kisukume upande wa pili, ule wa hewa ya nje, la sivyo mnarudishiana pumzi zenu wenyewe mpaka Mudaka. Elekeza matundu kwenye kioo. Gari ikitembea, hewa kidogo itaingia hata feni ikiwa imekufa, ila mkipanda mlima polepole haitoshi, kwa hiyo dirisha la nyuma, upande ambao mvua haipigi, lifunguliwe vidole viwili. Mboga zote buti na juu ya gari chini ya hema, zikung'utwe kwanza. Kioo kwa ndani kioshwe kwa maji yenye siki na kufutwa kwa gazeti, maana ukungu unapenda kioo chenye grisi. Kupaka sabuni kidogo na kuifuta ikauke kunasaidia safari moja, usiku taa za magari mengine zitakuumiza macho. Kitenge cha mama mwenzako kinaacha mistari, lakini ndicho kilichowafikisha, sitakidharau. Mvua ikiwa kubwa na hamuoni, simameni pembeni. Kabichi haziozi kwa robo saa.

Jambo moja la pembeni. Feni ikishapona, ukakuta inapuliza hewa ya vuguvugu tu hata baada ya kilometa kumi, muulize fundi kama themostati bado ipo, kile kizibo kinachozuia maji ya injini yasiende kupoa kwenye radiatere kubwa kabla hayajapata moto. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Bukavu iko meta 1,500 juu ya bahari, mama, na ninyi mnaondoka saa kumi na moja alfajiri. Bila themostati injini haipati moto wake wa nyuzi 80 na kitu, shofaji haipati moto, na mafuta ya gari yanaliwa bure.

Gari iondoke chini ya ule mti kama kuna nafasi. Kama hakuna, pitisha mkono chini ya waipa kila Jumapili. Na siku mtakapoitoa mota, geuzeni feni juu ya gazeti, muikung'ute, halafu niandikie mlichokuta.

Fundi